Namna ya Kuanzisha Jarida la Uandishi wa Kubuni Shuleni

Mwalimu au mwanafunzi anayetaka kuanzisha jarida la uandishi wa kubuni shuleni kwa kawaida huanza kwa kuuliza gharama za uchapaji. Swali hilo lina nafasi yake, lakini sehemu kubwa ya kazi iko kwingine: katika kusoma kazi za wanafunzi kwa haki, kuziteua kwa sababu zinazoweza kuelezwa mbele ya aliyekataliwa, na kukaa na kila mwandishi aliyeteuliwa mpaka kazi yake iwe bora kuliko ilivyoletwa. Shule yenye mashine moja ya fotokopi inaweza kutoa jarida la kuheshimika endapo sehemu hiyo imefanywa vizuri, na shule yenye karatasi za kung'aa na rangi zote haitatoa chochote cha maana endapo imerukwa. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa zaidi kwenye uteuzi na uhariri, na unapita upesi kwenye mambo ambayo mchapaji yeyote anaweza kuyaeleza kwa dakika chache.

Thamani ya majarida ya namna hii ilikwisha kuonekana zamani. Katika Chuo cha Makerere, jarida la Penpoint lilianzishwa mwaka 1958 katika Idara ya Kiingereza, na Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha humo baadhi ya hadithi zake za mwanzo akiwa bado mwanafunzi. Si kila jarida la shule litatoa mwandishi mashuhuri, wala hilo lisiwe lengo. Lakini jarida humpa kijana kitu ambacho daftari la mazoezi haliwezi kumpa, yaani msomaji ambaye hasomi ili atoe alama, na ambaye yuko huru kuacha kusoma akichoka.

Makubaliano kabla ya tangazo

Kabla ya kutangaza chochote, waanzilishi waandike ukurasa mmoja unaoeleza jarida litatoka mara ngapi kwa mwaka, litapokea kazi za lugha zipi, nani anaruhusiwa kuleta kazi, na nani ana neno la mwisho juu ya kinachochapwa. Ninashauri toleo moja kwa mwaka kwa miaka miwili ya kwanza. Wanaoahidi toleo kila mwezi hujikuta, kufikia la tatu, wakichapa chochote kilicho mezani ili kutimiza ahadi.

Suala la neno la mwisho linahitaji uwazi zaidi kuliko yote, na linapaswa kujadiliwa na mkuu wa shule mapema, wakati hakuna kazi yoyote mezani ya kugombaniwa. Mkuu wa shule ana wajibu wa kulinda watoto na ana haki ya kusoma toleo kabla halijaenda kwa mchapaji. Hata hivyo, sababu zinazoweza kuiondoa kazi ziandikwe: kwamba inamdhalilisha mtu anayetambulika, inamweka mwanafunzi katika hatari, inavunja sheria, au si ya aliyeileta. Kwamba hadithi inahuzunisha, inauliza maswali magumu au inamwonyesha mtu mzima akikosea si sababu ya kuiondoa. Makubaliano yataje pia muda, kwa mfano siku tano za kusoma na kujibu kwa maandishi, kwa sababu toleo linaloshikiliwa ofisini bila tarehe huua ari ya wanafunzi kuliko toleo lililokataliwa kwa sababu zinazoeleweka.

Kamati ya uhariri ya wanafunzi watano hadi saba inatosha. Wawe wa madarasa mbalimbali, na angalau wawili watoke madarasa ya chini, ili wakubwa watakapohitimu wabaki watu wanaoijua kazi. Nafasi mbili zinahitaji uangalifu wa pekee. Ya kwanza ni mhariri mkuu, ambaye anapaswa kuwa msomaji mvumilivu hata kama si mwandishi bora wa shule. Mara nyingi mwandishi bora hutaka kila hadithi ifanane na zake. Ya pili ni mratibu wa kazi, anayepokea kazi, kuzisajili na kutunza siri ya majina. Mwalimu mlezi naye awe mtu anayependa kusoma, hata kama hafundishi lugha, na akubali tangu mwanzo kwamba kazi yake ni kuwafundisha wanafunzi kuhariri. Akianza kuhariri yeye mwenyewe, kamati itageuka kuwa wabebaji wa makaratasi yake.

Kuomba kazi na kuzipata

Tangazo la kuomba kazi lieleze tanzu zinazopokelewa, ukomo wa urefu, tarehe ya mwisho na mahali pa kupeleka. Kwa toleo la kwanza, hadithi fupi zisizozidi maneno 1,500, mashairi yasiyozidi mishororo 40 na tamthilia ya onyesho moja isiyozidi maneno 1,200 ni mipaka inayofaa, kwa sababu humlazimisha mwandishi kuchagua na huiwezesha kamati kusoma kila kitu mara mbili. Sioni faida ya kuweka mada moja kwa toleo zima. Ukitangaza mada ya mazingira utapata kazi kumi zinazoanza kwa kulaumu ukataji wa miti.

Kazi za mkono zipokelewe sawa na zilizochapwa kwa kompyuta, na kamati ijitolee kuzichapa zikiteuliwa. Sharti la kuleta kazi iliyochapwa huwafungia mlango wanafunzi wasio na vifaa, na huenda miongoni mwao ndimo alimo mwandishi mnayemtafuta.

Tangazo peke yake huleta kazi za wale wanaojulikana tayari kuwa hodari. Ili kuwafikia wengine, kamati iombe kipindi kimoja katika kila darasa na kuendesha zoezi la kuandika la dakika 40, bila alama na bila kusahihisha. Zoezi liwe dogo na mahususi: mwanafunzi aeleze chumba kwa macho ya mtu anayekiacha asirudi tena, aandike mazungumzo ya watu wawili ambao kila mmoja anajua jambo ambalo mwenziwe hajui, au asimulie dakika tano tu za siku moja. Baadaye mratibu aulize nani angependa kuendeleza alichokianza.

Mazoezi hayo yana faida nyingine. Wanafunzi wengi wamezoezwa insha za mtihani, ambamo jua huchomoza na ndege huimba katika aya ya kwanza, misemo hupangwa foleni katika aya za kati, na methali hufunga mlango mwishoni. Ustadi huo una mahali pake katika chumba cha mtihani, na haifai kumdhihaki mwanafunzi anayeuleta kwenye jarida, kwa kuwa amefanya alivyofundishwa. Inafaa aonyeshwe kwamba hapa anaruhusiwa kuanza katikati ya tukio, kutumia maneno ya kawaida, na kumaliza pale hadithi inapokwisha bila kueleza imetufunza nini.

Uteuzi

Kila kazi ikifika, mratibu aipe namba, aandike jina na darasa la mwandishi katika daftari analolitunza peke yake, kisha asambaze nakala zisizo na jina. Wasomaji watatu wasome kila kazi, kila mmoja kwa wakati wake, kabla hawajazungumza. Katika shule ndogo wasomaji hutambua mwandiko au mtindo wa wenzao, na utaratibu huu hauwezi kuzuia hilo kabisa, lakini unapunguza sana upendeleo, na unampa aliyekataliwa sababu ya kuamini kwamba hakukataliwa kwa sababu ya rafiki zake.

Kamati nyingi hupenda kutoa alama kuanzia 1 hadi 5 na kuchukua wastani. Wastani peke yake hupotosha. Kazi iliyopata 4, 4 na 4 ina wastani wa 4, na iliyopata 5, 5 na 1 ina wastani usiofika hata 3.7. Ukifuata hesabu, utachukua ile ambayo hakuna aliyeichukia wala kuipenda sana, na kuacha ile iliyowashika wasomaji wawili mpaka mwisho. Alama zitumike kuonyesha kazi zipi zijadiliwe, na kazi yenye alama zinazopingana ndiyo ijadiliwe kwanza. Kila msomaji aandike pia sentensi moja au mbili: nini kilichomfanya aendelee kusoma, na wapi aliacha kuamini. Sentensi hizo zitakuwa malighafi ya barua kwa mwandishi, iwe kazi imechukuliwa au la. Wakati wa kujadili, kazi isomwe kwa sauti, hasa shairi, maana shairi linaloonekana zuri kwenye karatasi linaweza kukwama mdomoni, na lile lililodharauliwa machoni likaimbika.

Wanakamati nao wanaandika, na si haki kuwazuia. Kazi ya mwanakamati ipewe namba kama nyingine, isomwe na watatu ambao yeye si mmoja wao, na atoke nje ya chumba inapojadiliwa. Kiwekwe kikomo cha kazi moja ya kila mwanakamati katika toleo moja.

Kuhusu kazi zilizonakiliwa au kutungwa na programu za akili bandia, programu zinazodai kuzitambua hukosea, na kumtuhumu mwanafunzi asiye na hatia ni jeraha lisilopona haraka. Njia bora ni kuwaomba waandishi wote watunze rasimu zao, na kuzungumza na kila aliyeteuliwa kuhusu kazi yake. Aliyeandika mwenyewe anajua kwa nini mhusika aliitwa jina lile, alifuta nini na mahali gani palimsumbua. Asiyeweza kujibu lolote kati ya hayo hahitaji programu ya kumkamata. Mwalimu mlezi azungumze naye faraghani.

Kila aliyekataliwa apewe jibu, na jibu liwe la kazi yake mahususi. Linaweza kuwa fupi hivi: "Tumesoma hadithi yako na hatutaichapa katika toleo hili. Wasomaji wawili walivutiwa na mazungumzo ya dada wawili jikoni. Wote watatu walipotea pale hadithi inaporuka miaka kumi katika aya moja. Tungefurahi kusoma rasimu mpya inayokaa jikoni humo." Barua ya namna hii huchukua dakika kumi kuiandika, na ndiyo inayomrudisha mwandishi mwaka ujao. Barua zote zitolewe siku moja, za kukubali na za kukataa, ili pasiwe na wanaosubiri huku wenzao wakishangilia.

Kuhariri pamoja na mwandishi

Hapa ndipo kamati inapaswa kutumia muda mwingi kuliko popote, angalau wiki mbili hadi tatu. Kila kazi ipewe mhariri mmoja anayeongea na mwandishi ana kwa ana, na uhariri uende kwa hatua tatu: muundo, kisha sentensi, kisha tahajia na alama za uandishi. Wahariri wapya karibu wote huanza na tahajia, kwa sababu makosa yake ni rahisi kuyaona. Lakini hakuna maana ya kusahihisha koma katika aya ambayo kesho itafutwa.

Katika hatua ya muundo mhariri aulize maswali badala ya kutoa majibu. Hadithi inaanza wapi hasa? Mara nyingi inaanza katika aya ya tatu, na aya mbili za kwanza zilikuwa mwandishi akipasha misuli. Nani anataka nini? Ni tukio gani linasimuliwa kwa haraka ilhali msomaji alikuwa akilisubiri? Mwandishi arudi na rasimu mpya, na ikibidi nyingine, kabla ya kugusa sentensi moja moja.

Katika hatua ya sentensi, mfano mmoja utaonyesha tofauti kati ya kuuliza na kuandika upya. Mwanafunzi ameandika: "Moyo wake ulijaa huzuni isiyo kifani kwa kuwa baba yake alikuwa ameondoka." Mhariri anaweza kuifuta na kuweka sentensi yake nzuri, na hapo jarida litapata sentensi lakini mwandishi hatapata chochote. Au anaweza kuuliza: "Asubuhi ile, alipoamka, alijuaje kwamba baba ameondoka? Alifanya nini kwa mikono yake?" Mwandishi akikaa na swali hilo anaweza kurudi na hii: "Alihesabu viatu vilivyokuwa mlangoni, kisha akavihesabu tena." Huzuni imebaki, na safari hii ni yake. Kanuni ya kamati iwe kwamba mhariri ana haki ya kuuliza na kupendekeza, mwandishi ana neno la mwisho juu ya maneno yake, na kamati ina neno la mwisho juu ya kuchapa au kutochapa.

Mashairi ya arudhi, yaani yanayofuata kanuni za vina na mizani (idadi ya silabi), yanahitaji mhariri anayejua kuhesabu. Chukua mshororo huu wa mizani 16, wenye vipande viwili vya mizani minane: "Niliondoka mapema, jua halijachomoza." Mhariri asiye mwangalifu akiona neno "asubuhi" linafaa zaidi na kuliweka mahali pa "mapema", kipande cha kwanza kinafika mizani tisa na kina cha kati kinageuka kutoka "ma" kuwa "hi", na ubeti mzima unaharibika kwa neno moja. Kabla ya kupendekeza badiliko lolote katika shairi la aina hii, mhariri ahesabu mizani na kuangalia vina vya ubeti mzima, na badiliko lenyewe alifanye mtunzi. Shairi huru nalo lisidhaniwe kuwa halina sheria. Mtunzi aulizwe kwa nini kila mshororo umekatwa ulipokatwa, na kama hana sababu ajaribu kuukata kwingine na kuusoma tena kwa sauti.

Lugha ya wahusika iachwe iwe ya wahusika. Kijana katika hadithi anaweza kuzungumza kama vijana wanavyozungumza, na lafudhi au lahaja ya bibi isisafishwe ifanane na taarifa ya habari. Usanifu wa lugha udaiwe kwa msimulizi pale tu ambapo msimulizi mwenyewe anazungumza lugha sanifu.

Hatua ya tatu ifanywe na watu wawili wawili: mmoja asome kwa sauti rasimu ya mwisho, pamoja na alama zake, na mwingine afuate kwenye ukurasa uliopangwa. Programu za kuandikia zizimwe usahihishaji wa moja kwa moja, kwa kuwa zikiwa zimewekwa lugha nyingine hubadilisha maneno ya Kiswahili kimyakimya. Kila mwandishi aone ukurasa wake uliokamilika na autie sahihi, na aangalie hasa jina lake, kwani kosa la jina ndilo linalouma kuliko yote na ndilo linalosahaulika zaidi.

Idhini na mambo ya hatari

Hakimiliki ya kazi ni ya mwanafunzi aliyeiandika. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ulinzi huo huja na kazi yenyewe bila kuhitaji usajili. Jarida liombe ruhusa ya kuchapa mara moja tu, kwa fomu fupi inayotiwa sahihi na mwanafunzi na, kwa aliye chini ya umri wa utu uzima, mzazi au mlezi wake. Fomu iulize kando kama kazi inaweza kuwekwa pia kwenye intaneti. Karatasi hubaki mikononi mwa wachache, lakini kilichowekwa mtandaoni hakirudi. Huko jina kamili, darasa na picha ya mtoto visiwekwe pamoja. Lakabu iruhusiwe, mradi mratibu anamjua mwenye kazi.

Zitafika kazi zinazosimulia kupigwa, kunyanyaswa au kutamani kufa. Nyingine zitakuwa za kubuni na nyingine hazitakuwa. Si kazi ya mhariri wa miaka kumi na sita kutofautisha. Kazi kama hiyo ifike kwa mwalimu mlezi siku hiyohiyo, azungumze na mwandishi kwa upole na kufuata utaratibu wa shule wa kulinda watoto, na wanakamati wote waelezwe tangu mwanzo kwamba kupeleka kazi hiyo kwa mwalimu si kusaliti siri. Uamuzi wa kuichapa au la uje baadaye sana.

Kurasa na uchapaji

Umbo rahisi ni karatasi za A4 zilizokunjwa katikati na kubanwa kwa pini mgongoni, zikitoa kijitabu cha A5 chenye upana wa milimita 148 na urefu wa 210. Kila karatasi iliyokunjwa hutoa kurasa nne, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Kurasa 32 za ndani, yaani karatasi nane, zinatosha hadithi nne za ukomo wa juu zenye kurasa tano kila moja, mashairi manane ya ukurasa mmoja, na kurasa nne za jina, yaliyomo, neno la mhariri na maelezo ya waandishi. Hesabu hii ifanywe kabla ya uteuzi kukamilika, isije ikalazimu kumwondoa mtu aliyekwisha kuambiwa ameteuliwa.

Maandishi ya pointi 11 yasomeka vizuri katika ukubwa huo. Mashairi yasipangwe katika safu mbili, kwa sababu mshororo wa mizani 16 utavunjika na vina vitapotea machoni. Picha za kuchapwa ziwe na msongo wa nukta 300 kwa inchi katika ukubwa utakaotumika. Jalada lipewe mwanafunzi anayechora, naye atajwe kwa jina kama waandishi. Nakala moja ya majaribio ichapwe, ikunjwe na kusomwa yote kabla ya kuagiza zilizobaki. Idadi ya nakala iwe ndogo kuliko mnavyotamani. Mchapaji anaweza kuongeza, lakini masanduku yaliyojaa stoo hayarudishiki.

Baada ya toleo kutoka

Siku ya uzinduzi waandishi wasome kazi zao wenyewe, kila mmoja dakika tatu au nne, na hotuba za wakubwa ziwe chache. Nakala mbili zihifadhiwe maktaba, na kila mwandishi apewe yake bila malipo.

Wiki inayofuata, wakati kumbukumbu bado mbichi, kamati iandike faili la makabidhiano lenye ukurasa wa makubaliano na mkuu wa shule, mfano wa tangazo, fomu ya idhini, mifano ya barua za kukubali na kukataa, kalenda ya kazi kama ilivyokwenda kweli, na gharama halisi za uchapaji. Majarida mengi ya shule hufa baada ya toleo la kwanza kwa sababu waliojua kila kitu wamehitimu na hawakuacha hata karatasi moja. Wahariri wa madarasa ya chini wahudhurie uandishi wa faili hilo na waulize wasichokielewa. Tarehe ya kupokea kazi za toleo la pili itangazwe mara tu mhariri mkuu mpya anapokuwa amepatikana na kukubali.